Nilifundisha neno "spoil" kwa wakulima wa mwani, nikaisahihisha sentensi pekee iliyokuwa ya kweli

Wakuu wa jukwaa la lugha, salaam kwenu nyote.

Picha sina, na hata ningekuwa nazo nisingeziweka. Majina nimebadilisha kwa sababu watu hawa nasalimiana nao kila wiki. Mengine yote nimeyaona kwa macho yangu, na moja nimelinusa kwa pua yangu.

Mimi ni kijana wa Pongwe. Chuo nimemaliza, ajira bado. Nyumbani, na sasa hata darasani, wananiita Bwana Kwanini, maana hata dua ikisomwa nauliza kwa nini hii na siyo ile. Mama anasema nitafukuzwa kwenye harusi yangu mwenyewe.

Mwaka huu nilianza kufundisha Kiingereza kwa kikundi cha akina mama wa mwani, kijiji kimoja cha pwani upande wa Tongoni. Jumatano na Jumamosi, alasiri, kwenye kibaraza cha mwenyekiti wao. Tumwite Bi Mwanasha. Mama mkali, mcheshi, sauti yake inafika majini.

Kilichowaleta kwenye Kiingereza ni karatasi. Mnunuzi akishakagua viroba vya mwani huwaachia karatasi ya Kiingereza, nao hawajui imewasifu au imewatukana. Safari hii viroba vitatu vilirudishwa, na mbele yake pameandikwa neno moja tu: SPOILED.

"Mwalimu, hili lasemaje?" Bi Mwanasha akaniuliza.

"Umeharibika."

"Hilo tumeliona kwa macho. Lasema nani kauharibu?"

Nikamwambia halisemi. Akaikunja karatasi, akaangalia upande aliokaa Asha.

Hapa nieleze kidogo ili tusipotezane. Asha ni binti wa Pemba, kaolewa hapo kijijini. Wenzake wote wanaanika mwani chini, juu ya nyavu. Yeye alikuja na chanja, yaani kitanda cha miti kilichoinuliwa ili upepo upite chini na mchanga usishike. Kikundi kikakubali kujaribu. Mavuno ya kwanza ya chanja ndiyo hivyo viroba vitatu.

Kwa hiyo kesi ilishahukumiwa kabla ya kusomwa. Ijumaa ya wiki iliyofuata kulikuwa na kikao: chanja ivunjwe iwe kuni, na Asha atolewe kwenye kikundi. Na kwa mwanamke wa pale, kutolewa kwenye kikundi ni kukosa kamba za kupandia mwani baharini, kukosa mgao wa kiroba, na kukosa watu wa kukubebea maji siku una msiba.

Mimi nikasema yangu ni lugha, hayo mengine ni yao. Nikaandika "spoil" ubaoni.

Kamusi ya kwenye simu ikanipa mifano miwili: mvua iliyoharibu picnic, na bibi anayemdekeza mjukuu.

"Pikiniki ndiyo nini?" akauliza mmoja.

Nikaeleza: watu wanabeba chakula, wanakwenda kukilia mbali na nyumbani, kwa raha tu.

"Kwa nini wasile nyumbani?"

Wakuu, mimi ndiye wa kuuliza kwa nini, siku hiyo nikaulizwa mimi.

Nikafuta mifano ya kamusi. Nikasema kila mtu aandike sentensi tatu za kwake, mambo ya maisha yake. Madaftari nikayabeba kwenda nayo Pongwe.

Nilicheka peke yangu mpaka mama akachungulia mlangoni. "Monkey spoil my maize." Huyu kwao Maramba, namwelewa. "Salt spoil the roof." "My husband spoil radio, he say he is fundi." "Phone spoil marriage of my sister." Halafu wanne, bila kutazamiana, wakaandika kitu kile kile: "Chanja spoil mwani."

Nikiwa nasahihisha nikaona jambo. Karibu sentensi arobaini, na katika zote mharibifu ni mwingine. Nyani, chumvi, mume, simu, chanja. Hata mfano wangu wa ubaoni ulikuwa "The network spoiled my day." Hakuna aliyejiweka mwenyewe.

Isipokuwa daftari moja.

Bi Riziki ndiye mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote kwa umri. Magoti yanamsumbua, herufi zake kubwa kama za mtoto wa chekechea. Na ni mama mkwe wa Asha. Aliandika sentensi moja tu badala ya tatu:

"I spoil mwani."

Nikasema masikini, kachanganya. Alitaka kusema mvua. Nikachukua kalamu nyekundu, nikakata "I", nikaandika juu yake "The rain". Nikaweka na tiki ya kumpa moyo.

Jumamosi nikawarudishia, nikawaambia wanakili masahihisho kwa mwandiko safi. Nikakusanya tena.

Jumapili nafungua la Bi Riziki. Chini ya wino wangu mwekundu ameandika upya, kwa kukandamiza kalamu mpaka karatasi imeacha alama upande wa pili:

"I spoil mwani. No rain."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba wiki ile ya mavuno haikunyesha kweli. Mawingu yalikuwepo, mvua haikuwepo. Mimi niliyejiita mtu wa kuhoji kila kitu nilimtungia bibi wa watu mvua ambayo haikushuka.

Jumatano nikawahi kufika, nikapita kwake kwanza. Nyumba yake ndiyo iliyo karibu zaidi na uwanja wa kuanikia. Nikampa shikamoo, nikafungua daftari.

Akalitazama, akanitazama. "Mwalimu, nimeandika mara mbili. Wataka niandike mara ya tatu?"

Nikamwambia nataka kuelewa tu.

Akasimulia. Kikundi kizima kilikwenda msibani Maramba, siku mbili. Yeye akabaki kwa sababu ya magoti, akaachiwa mwani wa chanja autazame. Alasiri mawingu yakakusanyika. Akaogopa. Akaushusha mwani ukiwa nusu umekauka, akaurundika pamoja, akaufunika turubai na kulikandamiza kwa mawe pande zote.

"Kesho yake nikasema leo itanyesha. Nikangoja. Jua likawaka, nami nasema itanyesha tu. Nilipofunua, mkono wangu ukarudi kwa joto. Nikautandaza tena juu ya chanja haraka, wenzangu wasiukute vile. Walipokuja wakaukuta juu ya chanja, mweupe, unanuka. Wakasema ni chanja."

"Na Asha hujamwambia?"

"Nimwambie vipi? Mie ndiye niliyemwambia asitie pua kwenye mambo ya watu, asubiri kwanza ajulikane. Sasa nimwambie mie ndiye?"

Nikamuuliza swali lililonikaa kooni: kwa nini kwa Kiingereza?

"Kwa Kiswahili, nikisema ni Riziki kasema. Kwa Kizungu ni daftari limesema. Nikajua mwalimu ataona, atalisema yeye. Kumbe mwalimu kanipa tiki."

Wakuu, nilitamani ile kalamu niimeze.

Lakini ubishi wangu haukuniacha. Nikawaza: huyu ni mama mkwe. Je, kama anambebea mkwe wake mzigo? Mtu anaweza kukiri asilolitenda ili nyumba yake isivunjike. Na kina Bi Mwanasha wangesema hivyo hivyo.

Nikampa wazo: tusiseme, tuonyeshe. Alhamisi asubuhi achukue mwani wa nusu kavu, mavuno ya siku moja, augawe mafungu mawili. Fungu moja abakize juu ya chanja. La pili alifunike turubai na mawe, kama siku ile. Ijumaa baada ya swala tufunue mbele ya watu.

Akaniuliza, "Na kama usipoharibika?"

"Basi nitajua hukunambia kweli."

Akacheka, mara ya kwanza namwona akicheka. "Weye kweli ni Bwana Kwanini."

Ijumaa kikao kikaanza. Shoka la kuvunjia chanja lilishaletwa, limeegemezwa ukutani. Asha amekaa pembeni, khanga ameivuta mpaka kwenye nyusi. Bi Riziki akainuka kwa shida, akaomba watu watoke naye hadi uwanjani kabla ya lolote.

Mwani wa chanja ulikuwa umekauka vizuri, ukiushika unakwaruza. Akaondoa mawe. "Mwanasha, tia mkono."

Bi Mwanasha akauingiza chini ya turubai, akauchomoa upesi. "Jamani! Moto!"

Turubai likafunuliwa. Harufu ile siwezi kuiandika. Mwani umelegea, unateleza kama bamia, sehemu za katikati zimeanza kuwa nyeupe, rangi ile ile ya viroba vitatu.

Bi Riziki akasema, kwa Kiswahili safari hii: "Siku mlipokuwa Maramba, mimi ndiye niliyefunika. Chanja haina kosa. Asha hana kosa."

Mimi nasema moyoni, sasa atatolewa yeye.

Halafu Bi Mwanasha akaunusa mkono wake, akakunja uso. "Bi Riziki, wallahi weye umetuvundikia mwani kama ndizi! Ungetwambia tungeleta na mkungu!"

Watu wakaangua kicheko, na yeye akacheka huku machozi yanamtoka. Bi Mwanasha mwenyewe akalichukua lile shoka, akalirudisha ndani.

Asha hakucheka. Aliinama akalikunja turubai vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi mama mkwe wake. "Siku nyingine mawingu yakija, mama, niite. Hata kama niko msibani." Akaondoka. Darasani hakuonekana wiki nzima. Nami simlaumu, maana zaidi ya Bi Riziki kukiri, hakuna aliyemwomba radhi siku ile.

Sasa wiki mbili zimepita, Asha amerudi, na wapo wanaojenga chanja ya pili. Ila mimi bado nina maswali. Je, ni Kiingereza kilichompa Bi Riziki nafasi ya kusema, au ni daftari tu, na hata angeandika kwa Kiswahili ingekuwa vile vile? Wataalamu wa lugha humu mnifungue macho. Sitakubali kirahisi, mnanijua.

Nilichojifunza ni kimoja. Nilikuwa na sentensi arobaini mezani, nikazipitisha zote zilizomtaja mwingine, nikaikata ile moja iliyojitaja. Kalamu nyekundu haikunifanya nijue zaidi ya mwenye daftari.

Karibuni mchangie. Sharti moja: kabla ya maoni yako, andika sentensi moja ya neno hilo, kweli tupu, na ianze na "I". Siyo nyani, siyo mume, siyo serikali.

Naanza mimi: I spoiled Bi Riziki's sentence.

Zamu yenu.