Kumpokea Mtu Mzigo

Nakumbuka asubuhi moja ya vita vya Maji Maji, mwanangu, nami ni binti nisiyejua bado uzito wa neno. Jana ulinisomea lile neno la Kiingereza, "get", fupi kama chafya, ukalalamika kwamba maana zake zinajaza ukurasa mzima na mwalimu anazitaka zote. Nilicheka. Leo sicheki, maana sisi nasi tuna neno letu dogo, kupokea, na maana zake sikufundishwa ubaoni.

Tulikuwa tukikaa huku bondeni, upande wa Ruaruke, mimi na bibi yangu Mwanahawa na baba mdogo Sefu. Watu wa milimani, ng'ambo ya mto, walikuwa wamechoka kulimishwa pamba ya Mdachi, wakanywa ile dawa ya maji, wakapigana. Mdachi akawajibu kwa bunduki na moto. Mashamba yao yakateketea, na waliosalimika wakawa wanavuka mto kuja kwetu. Basi mpiga mbiu wa jumbe akapita kijijini: atakayempokea mtu wa milimani, nyumba yake itachomwa.

Asubuhi hiyo nilikuwa uani natwanga mpunga huku naimba. Nilikuwa msichana wa kuimba na kuota ndoto mchana. Wenzangu walinitania eti hata nikiunguza wali naimba. Mara nikasikia hodi. Mwanamke amesimama njiani, mtoto mgongoni, kichwani kapu kubwa limefunikwa mkeka, shingo inamtetemeka. Mwanangu, sikufikiri. Nikatupa mchi, nikamkimbilia, nikamtua. Ndivyo tulivyolelewa: mtu akija na mzigo, unampokea mzigo kwanza, maneno baadaye. Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini kapu lile, nilipolishika mwenyewe, lilinikata viganja.

Baba mdogo akatoka ndani mbio.

"We mwana! Mikono yako inatangulia akili! Hukuisikia mbiu?"

"Nimeisikia, baba mdogo. Lakini amechoka."

"Amechoka! Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu ni mgeni njoo, mwenyeji aungue!"

Bibi akampa yule mwanamke maji, akamuuliza jina. Akasema anaitwa Somoe, na mumewe hakurudi vitani. Bibi akamchukua mpaka kwenye dungu letu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kuwinga ndege wasile mpunga, ndani kabisa ya matete. Mimi nikarudi kwenye kinu changu, nikaanza tena kuimba. Niliona yangu yamekwisha. Mzigo si nimeshautua?

Mchana jirani akaja anahema: askari wamefika kwa jumbe, wanapita nyumba kwa nyumba. Wimbo ukanikauka. Nikamvuta Bibi pembeni, nikamnong'oneza, "Bibi, tumrudishie kapu lake, aende zake. Maji si tumempa?"

Bibi alinikazia macho. Hakuwahi kunipiga, na siku ile ningeona afadhali anipige.

"Mjukuu wangu, ngomani mwimbaji akitoa wimbo, ninyi mnafanya nini?"

"Tunapokea, Bibi."

"Mkinyamaza katikati?"

"Tunamwaibisha."

"Na salamu ukishaipokea, utamrudishia mwenyewe mdomoni?" Akashusha pumzi. "Umeupokea mzigo wake kwa mikono. Hiyo ndiyo nyepesi. Bado umpokee kwa sahani yako, umpokee kwa ulimi wako watakapokuuliza, umpokee na hofu imekushika hivyo hivyo. Maji umeshayavulia nguo, mjukuu wangu. Yaoge."

Wakaja alasiri, askari wawili na mtu wa jumbe wa kuwaonyesha njia.

"Bibi kizee, umepokea mtu hapa?"

"Nimepokea," akasema Bibi, na baba mdogo akafumba macho. "Hata wewe, mwanangu, ukija mlangoni kwangu na mzigo, nitakupokea."

"Yuko wapi?"

"Hilo sikuambii."

Wakanigeukia mimi. Hofu ilinishika hivyo hivyo, lakini sikuinua jicho kutazama upande wa matete. Nikasema sijui. Naona hapo ndipo nilipompokea Somoe hasa, si asubuhi. Askari mmoja, kijana tu, akainamisha kichwa. Mwenzake hakuinamisha. Makuti yalikuwa makavu, na kabla jua halijazama nyumba yetu ilikuwa majivu.

Walipokwisha kwenda, Somoe akaja mwenyewe kutoka shambani, mtoto mgongoni na kapu kichwani. Akasimama mbele ya majivu.

"Nimewaletea moto," akasema. "Naondoka, mnisamehe."

Bibi alikuwa hana sauti kwa moshi. Aliyejibu ni baba mdogo, hasira bado haijamtoka, machozi yanachora njia kwenye masizi ya uso wake:

"Unakwenda wapi? Nyumba imekwisha kuungua. Ukiondoka sasa, tutakuwa tumeungua bure!"

Somoe hakuondoka. Tulibanana sote katika dungu lile mpaka tulipojenga upya, na mtoto wake alijifunza kutembea kwetu.

Basi, mwanangu, zisome maana zote anazotaka mwalimu, uzijue, usimwangushe. Ila neno la vitendo halimaliziki kwa kukaririwa. Moyo mwepesi ni tunu ya Mungu, nilipewa na sijuti. Lakini moyo mwepesi hupokea upesi, na hofu ikija huachia upesi vilevile. Ukimtua mtu mzigo, jua umeanza, hujamaliza. Aliyepokewa mzigo asipokewe mwenyewe amepumzishwa shingo tu. Na ukiona hutaweza kufika mwisho, sema mapema, tena kwa upole, kuliko kumwacha mtu nusu ya njia akikutegemea. Watu watakusamehe ufukara wako. Ukigeugeu hawausahau.

Mungu akupe mikono ya kupokea, na kifua cha kustahimili ulichokipokea. Na siku utakayofika wewe mlangoni kwa watu, umechoka, hujulikani, umkute wa kukutua, na nyumba yake isiungue. Amina.