Boliti Niliyoing'arisha

Mama yangu huendesha lori lake mwenyewe. Hubeba mchele kutoka Bugarama hadi Kamembe, na tangu nilipoanza kushika spana, mimi ndiye fundi wake. Sikusomea ufundi popote. Nimejifunza kwa video za simu, na kwa kufungua vitu ambavyo sikuwa na hakika kama nitaweza kuvifunga. Nalisema hili mapema ili msomaji asidhani nilijua nilichokuwa nafanya.

Injini yetu ilipochoka tulinunua nyingine Bukavu, ng'ambo ya mpaka, ya dizeli vilevile, lakini hii ilikuwa na turbo. Ilikuja na pampu yake ya dizeli na nozeli zake nne, zile zinazonyunyiza mafuta ndani ya silinda. Pampu hiyo ilikuwa imegandwa na tope la mafuta na ilikuwa inavuja. Kuitazama tu kulinitia kinyaa. Yetu ya zamani nilikuwa nimeisafisha wiki nzima kwa mswaki. Tena Mama aliipenda. Kila nilipofungua boneti aliipigapiga kwa kiganja na kusema, kwa Kiswahili chake cha Bukavu, "Hii ndiyo ilitupandisha siku tulirudia Rwanda."

Basi nikafunga injini mpya kwa pampu ya zamani na nozeli za zamani. Ziliingia bila taabu, na kitu kikiingia bila taabu mimi huamini kimekubali.

Kikabaki kitu kimoja. Kwenye bomba la hewa la injini mpya kulikuwa na tundu dogo, na kutoka hapo mpira mwembamba ulikuwa ukienda hadi kwenye kichwa cha ile pampu chafu. Pampu yetu haikuwa na mahali pa kuupokea. Kamembe kuna gereji ya pampu, ningeweza kuuliza. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwambia Mama kazi imekamilika, na kuuliza kungekuwa kukiri. Nikaliziba tundu kwa boliti. Nikaisugua boliti hiyo kwa msasa mpaka ikang'aa. Mpira nikauficha chini ya godoro langu.

Sikupata raha tena, kwa sababu Mama alikuwa ametoa neno lake: "Nitapakia muchele mara moja. Gari ikipanda mulima, tunabaki nayo. Ikishindwa, ninauzisha." Mzee mmoja mwenye biashara ya matofali alikuwa anasubiri kulinunua. Kwa Mama, kuuza lori ni kurudi kuomba nafasi kwenye magari ya watu, kukaa juu ya magunia yake akingoja mwenye gari aamke. Miaka yangu ya shule ya msingi aliishi hivyo.

Siku ya safari tulikaa watatu mbele: Mama kwenye usukani, mimi katikati, na rafiki yake wa Bukavu dirishani, ambaye magunia yake yalikuwa nyuma pamoja na yetu. Kwenye tambarare ya mpunga lori lilikwenda vizuri. Mlima ulipoanza, Mama alishusha gia hadi ya tatu, ya pili, ya kwanza. Mwanamume aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye ndizi akatupita. Hakutugeukia. Nadhani ilikuwa heshima.

"Maman, gari inapanda ao inasali?" rafiki akauliza.

"Nyamaza, bantu batasikia."

"Bantu gani? Ule wa baiskeli amefika Kamembe tayari. Fundi, turbo iko wapi? Ilibakia ku mupaka?"

Kwenye kona ya tatu lori likagoma. Nikaruka na kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Mama akafungua boneti, rafiki yake akainama na kugusa boliti yangu kwa kidole.

"Na hii bulo inangaa ni ya nini? Byote ni bichafu, yenyewe iko kama meno ya bwana arusi!"

Nilikuwa na uongo tayari, tena wa aina tatu. Lakini Mama aliniangalia tu, kitambaa cha mkono kikiwa bado begani, nami nikasema yote: tundu, mpira, godoro. Na katika kusema ndipo nikaelewa. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Ule mpira hupeleka shinikizo la hewa hiyo kwenye pampu, pampu ikaongeza dizeli. Pampu yetu haikuwa na sikio la kusikia hayo, na nozeli zake zilipimiwa injini ndogo. Nilikuwa nimeipa injini mapafu makubwa, kisha nikailisha kwa kijiko cha mtoto.

"Juu ya nini uliweka ya zamani?" Mama akauliza.

"Kwa sababu unaipenda."

"Mutoto yangu, mimi napenda kufika." Akajipangusa mikono kwa kile kitambaa. "Ile chafu, uliitupa?"

"Hapana."

Akatoa simu akampigia yule mzee wa matofali, palepale kwenye kona. "Papa, ngojea kwanza. Fundi yangu hajamaliza."

Nilijigeuza nikajifanya natafuta jiwe jingine.

Nusu ya magunia tuliihamishia kwenye gari lililotokea nyuma yetu, tukafika nyumbani tukitambaa. Kesho yake nilibeba pampu chafu na nozeli zake hadi gereji, nikauliza kila kitu, hata maswali ya kijinga. Mafundi wakabadilisha sili zilizokuwa zikivujisha mafuta, wakazipima nozeli moja moja. Nikazirudisha zote kwenye injini zilizokuja nayo, nikang'oa boliti, nikaurudisha mpira mahali pake. Kwenye kichwa cha pampu likabaki doa la tope ambalo mswaki ulishindwa kulitoa. Lilinisumbua. Nikaliacha.

Safari iliyofuata, kwenye kona ya tatu Mama alikuwa bado gia ya tatu. Rafiki yake alisubiri sababu ya kutucheka, akaikosa.

"Punguza, Maman, utatuua!"

Mama hakupunguza. Pampu ya zamani sasa inazuia mlango wa stoo ya mchele usijifunge, na kila akipita na gunia Mama huinama akaipigapiga.