Msumari Kando ya Mstari

Shemeji yangu alipokuwa anacheza walimwita Msumari, kwa kuwa akishaingia kwenye eneo la hatari hang'oki mpaka nyavu zitikisike. Dada yangu alimpendea hayo hayo. Mimi nilikuwa mtunza vifaa wa timu, kazi yangu kufua jezi na kujaza mipira upepo, na nasema bila kupepesa macho: sijaona mtu aliyefunga kirahisi kama yeye. Ukimuuliza amefungaje, anacheka tu. "Sijui, bwana. Nimeukuta pale."

Kisha beki mmoja akamrukia na miguu miwili, goti likaisha. Alipoacha magongo alikuwa anachechemea. Viongozi wa timu, kwa huruma au kwa ubahili, wakampa ukocha.

Hapo ndipo balaa lilipoanza, kwani atafundishaje kitu ambacho mwenyewe hakufundishwa na mtu? Mshambuliaji wetu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu mzima na mpole, aliyekuja mazoezini mikono bado ina masizi. Siku moja akauliza kwa adabu, "Kocha, nisimame wapi?"

"Simama mpira utakapokuja."

"Utakuja wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Kuanzia hapo akawa mtu wa kelele. Rudi! Kushoto! Toa! Piga! Alimwongoza fundi kila hatua, na jioni dada anampa maji ya chumvi asukutue koo. Nikamwambia, "Shemeji, mwache mwenzako acheze." Akaniambia nikafue jezi. Nikaenda kufua, maana kichwa kile kigumu kuliko sakafu. Tena mabao yalipatikana, ya kuokoteza, tukajikokota hadi mechi ya mwisho. Tukishinda, tunabaki. Tusiposhinda, timu inashuka daraja na Msumari anafungashiwa virago, na nani mwingine angemwajiri?

Siku hiyo alipayuka tangu filimbi ya kwanza. Kipindi cha pili sauti ikawa ya kukwaruza, halafu ikapotea kabisa.

Mchezo ukingoni, bado hakuna bao, kipa wao akautema mpira. Ukamwangukia fundi miguuni, goli liko wazi, hata mimi na tumbo langu hili ningefunga. Shemeji alifungua kinywa. Haikutoka hata pumzi.

Fundi akageuza shingo akatazama benchi. Alikuwa anasubiri kuambiwa. Beki akaja, akaupiga mpira nje.

Kwenye chumba cha kubadilishia jezi hakuna aliyemlaumu fundi. Alikaa karibu na ndoo ya maji, soksi moja mkononi, analia. "Nisamehe, kocha," alisema. "Sikukusikia."

Msumari akaketi chini, juu ya rundo la jezi chafu, na nilipotaka kuzikusanya ilibidi nimwinue kwa kwapa.

Fundi amerudi kwenye mageti yake, mpira hataki hata kuuona. Shemeji yuko sebuleni, anatazama mechi huku amezima sauti. Dada anasema siku inaweza kuisha hajatamka neno. Juzi nilikaa naye. Mpira ukadondoka mbele ya goli, na mguu wake mbovu ukaruka na kupiga meza kabla yule wa kwenye televisheni hajaushtukia. Chai ikamwagika. Iliniuma sana, nikajifanya natafuta kitambaa.