Kituo cha Tramu Nilichokatazwa Kukisimulia

Mwanangu, nikuambie kabla hujaondoka: siku moja Madame, bibi wa nyumba niliyokuwa nikipikia, aliniita jikoni akafunga mlango, na kila nikiikumbuka siku hiyo damu inanichemka hata leo.

Nilikuwa mpishi wa familia ya Wabelgiji hapa Élisabethville, ndivyo wakoloni walivyoiita Lubumbashi. Tulikuwa tumetoka likizoni kwao Ubelgiji, walikonipeleka niwapikie katika nyumba yao ya pwani. Huko kuna tramu, yaani treni ndogo ya umeme, inayokimbia kando ya bahari. Karibu na nyumba palikuwa na kituo kidogo, nguzo na benchi tu kwenye mchanga, na tramu haikusimama pale mpaka mtu anyooshe mkono.

Asubuhi ya kwanza nilitumwa samaki. Nilinyoosha mkono nikiwa na hakika kwamba yule dereva mzungu angenipita. Akasimama. Ndani ilibaki nafasi moja, kando ya bibi mmoja wa Kizungu. Alikitoa kikapu chake kitini, akakipakata, nikakaa. Basi, ni hayo tu. Hakuna aliyehama wala aliyenuna. Hata Madame, siku nyingine, alikaa mbele yangu mle ndani tukaongea habari za supu.

Na hapa kwetu je? Baba yangu alimaliza ujana wake akitengeneza mabehewa ya reli, lakini akisafiri alipakiwa behewa la mwisho, la Waafrika. Mkate tuliuziwa dirishani, dukani hatukuruhusiwa kuingia. Tuliambiwa ndivyo dunia ilivyo.

Sasa mle jikoni Madame akasema kwa sauti ya chini, "Ile mambo ya tramu, usiambie bantu ya cité. Batakuwa na kichwa nguvu. Kama unapenda kazi yako, unyamaze."

Cité ndiyo mitaa yetu sisi Waafrika, bantu ni watu, na kichwa nguvu ni ukaidi. Kumbe walijua. Siku zote walijua kwamba watu wanaweza kukaa kiti kimoja na mbingu zisianguke. Lakini nilikuwa na mke na watoto wadogo, na sote tulikula kwa kazi ile. Nikanyamaza.

Jumapili, baada ya misa, majirani walijaa uani kwa Baba kuniamkia. Baba akaniuliza mbele yao, "Kule Bulaya, mu ile tramu, balikuikalisha wapi?"

"Tata, bahari iko mukubwa sana."

"Minakuuliza fasi ulikala, unaniambia mayi."

Watu wakacheka, maana aliniuliza mahali nilipokaa nami nikamjibu maji. Yeye hakucheka. Alinivuta nyuma ya nyumba, akanibana mpaka nikamweleza maneno ya Madame.

"Bazungu balitufichia ile mambo miaka yote," akasema. "Sasa ni weye njo unatufichia?"

Angenipiga kofi ningeumia kidogo kuliko vile. Nikarudi uani nikawasimulia yote, tangu ile nguzo mchangani hadi yule bibi na kikapu chake. Safari hii hakuna aliyecheka. Jirani mmoja aliniomba nirudie pale dereva aliposimama, nami nikarudia.

Jumatatu habari zilifika kwa Madame kabla yangu. Nilifukuzwa hata chai sijachemsha. Tulipata shida, nisikudanganye, na Baba ndiye aliyetulisha mpaka nikapata jiko jingine. Lakini kinachonikera si kazi ile. Ni kwamba kumtishia mtu mzima njaa ya watoto wake, kisa kukaa kitini, kwao lilikuwa jambo la kawaida.

Kwa hiyo, mwanangu, mtu akikuomba ufiche haki uliyoiona kwa macho yako, usimwonee haya hata kama ndiye anayekulisha. Uliza ni nani atakayeendelea kudhulumiwa ukinyamaza. Mara nyingi utakuta ni baba yako. Waambie wenzako, halafu tafuta kazi nyingine.

Mungu akulinde na njaa, na ikikupata njaa, akulinde usiuze kinywa chako. Uende salama, na popote utakapokaa, ukae bila kumshukuru mtu kwa kiti kilicho chako.