Jogoo wa Kuombea Msamaha

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Kirumba, karibu na soko la samaki la Mwaloni, na wateja wangu huja wakinuka dagaa. Nashona nguo za kike tu. Mwanaume akija na suruali yake namwelekeza kwa fundi wa jirani, naye huondoka akisema naringa. Aseme. Mlango wangu haufungwi nikiwa ndani, hata mvua inapopiga na kulowesha vitambaa. Ukifungwa, na ndani yupo mwanaume, mikono inanitoka jasho na siwezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Mume niliyekuwa naye aliamini ni mapepo. Alinizungusha kwenye maombi mpaka akachoka, akaenda zake. Hayakuwa mapepo, na mimi nilijua, ila kumwambia mtu ni kazi nyingine.

Mwaka huu mama alikuja kibandani na kitambaa.

Mama yangu anaishi Buswelu na mjukuu wake, binti wa marehemu dada yangu, aliyeko darasa la tano. Mama ni mwenyekiti wa jumuiya, zile familia za mtaani zinazosali pamoja kila wiki, nyumba kwa nyumba. Kwetu Wakatoliki usipoonekana jumuiya umejikaanga mwenyewe, maana siku ukifa hilo ndilo swali la kwanza: alikuwa anasali jumuiya gani? Mimi sisali. Mama hunitania: "Wewe utazikwa na mafundi wenzako, wakuimbie wimbo wa cherehani." Namjibu kwamba angalau sanda itakuwa na mshono mzuri. Tunacheka, lakini najua linamuuma.

Siku hiyo alikuwa na furaha. Alikunjua kitambaa juu ya meza yangu, kitenge cha bluu chenye duara kubwa, na ndani ya duara padre anatabasamu. Alikuwa anatimiza jubilei ya upadre wake, na alikuwa anarudi kuiadhimisha kwenye parokia aliyoanzia kazi. Parokia yetu. Kanisa zima lilikuwa linashona sare.

"Nishonee mapema," mama akasema. "Na uangalie picha isije ikakaa makalioni, tafadhali. Iweke kifuani, katikati. Hiki kipande kingine ni chako."

Nilikuwa nimeshika mkasi. Nikauweka chini.

"Na mtoto wa dada yako anacheza mbele ya maandamano," akaendelea. "Mabinti watalala parokiani wiki nzima kwa ajili ya mazoezi. Baba mwenyewe anakuja mapema awe nao."

"Hachezi," nikasema.

"Nani?"

"Mtoto. Hachezi, na parokiani halali."

Mama akanitazama. "Umeanza," akasema.

Neno hilohilo alinitamkia nikiwa darasa la sita. Nilikuwa napiga pasi nguo za misa kila Jumamosi, na kwa mtoto wa kike ilikuwa heshima kubwa, majirani waliwaonea wivu wazazi wangu. Padre huyo wa kwenye kitenge alikuwa kijana wakati huo, anapenda watoto, anajua majina yetu sote. Alininajisi. Nimelizunguka neno hilo miaka mingi na leo naliandika kama lilivyo. Haikuwa siku moja. Alikuwa akifunga mlango kwa ufunguo, kisha akishauingiza mfukoni ananiambia tusali kwanza.

Nilimwambia mama jikoni, anachambua mchicha. Sikuwa na maneno ya kutosha, ila niliyokuwa nayo nilimpa yote. Akasema umeanza, akanipiga na mwiko, halafu akaingiwa na hofu. Mama aliamini, kama mtaa mzima ulivyoamini, kwamba ukimsema padre vibaya laana inaingia mpaka kwenye chungu chako. Na kwetu aliyemkosea mkubwa haendi kuomba radhi mikono mitupu. Basi alikamata jogoo wetu, akamfunga miguu, akanikabidhi nimbebe mwenyewe mpaka parokiani.

Nilipiga magoti mbele ya yule mtu. Mama alisimama nyuma yangu. Nikasema, "Baba, naomba unisamehe, nilikusingizia." Akampokea jogoo. Akaniwekea mkono kichwani, akamwambia mama, "Watoto ndivyo walivyo. Usimpige tena." Mama alilia kwa shukrani njia nzima, akisema ona alivyo na moyo wa huruma. Jumamosi iliyofuata nilirudi kupiga pasi. Iliendelea hivyo mpaka alipohamishwa.

Sasa kisa cha yule jogoo nikakileta juu ya meza, kati yangu na mama.

"Sikumsingizia," nikasema. "Nilikwambia ukweli jikoni, ukanipeleka kumwomba msamaha."

"Ulisema kwa kinywa chako kwamba ulimsingizia. Nilikuwepo!"

"Nilisema kwa sababu ulikuwepo. Ulikuwa umesimama nyuma yangu, mama. Ningesema nini?"

Akasema yaliyopita si ndwele, na hapo nikapandwa na hasira ambayo sikujua bado ninayo. Nikamwambia, "Kwangu ni ndwele mpaka leo! Unafikiri kwa nini mlango huu haufungwi? Unafikiri yule mume alikimbia nini? Sasa sikiliza. Nikisikia mtoto amelazwa parokiani nitakwenda kumtoa kwa mikono yangu, na nitasema kwa sauti nilichofanyiwa, waimbaji wanyamaze wasikie."

Mama akakunja vitenge vyote viwili. Akaondoka bila kuaga. Mimi nikarudi kwenye cherehani, nikashona kola upande upande, ikabidi niifumue.

Wiki zile wanawake wengine walikuja na kitenge hichohicho. Niliwarudisha. Mmoja, muuza dagaa tuliyezoeana sana, alinibana nimweleze kwa nini. Nikamweleza kwa sentensi mbili. Akatazama mlangoni kama kuna mtu anasikiliza, akasema, "Mwenzangu, usimseme Baba, utapata laana." Sikumlaumu sana. Mama yangu mwenyewe alikuwa hapokei simu zangu, na siku ya mabinti kuripoti parokiani ilikuwa inakaribia. Usingizi sikuwa nao. Nilikuwa namwaza yule mtoto na tabasamu lake la mapengo, namwaza akiambiwa tusali kwanza.

Siku yenyewe nilifunga kazi asubuhi na mapema niende Buswelu. Nilikuwa bado natafuta viatu chini ya meza nilipomwona mama anakuja. Amemshika mtoto mkono, mtoto amebeba begi na mkeka. Nikajua wako njiani kwenda parokiani na amekuja kunionyesha nani mkubwa. Nikatoka peku mpaka barabarani.

"Mama, huyo mtoto haendi!"

"Kwani nimekwambia anaenda?" akasema. "Nipishe, nimebeba kitu."

Chini ya kwapa alikuwa na jogoo mwekundu, amemfunga kwa kile kitenge cha jubilei, kichwa tu ndicho kimetoka. Jogoo alikuwa ameshakinyea vizuri sana. Ee, nilicheka. Sikupenda kucheka lakini nilicheka, mama naye mdomo ukamcheza kidogo, kisha ukanyooka.

Aliingia kibandani na kupiga magoti. Mama yangu, mwanamke ambaye mimi ndiye humpigia magoti nikimsalimia shikamoo. Nikamwambia inuka, watu wanaona. Akasema waone.

"Aliyekosea haendi mikono mitupu," akasema. "Wa kwanza nilimpeleka kwa asiyestahili. Huyu nimekuletea wewe. Wiki zote hizi nauwaza huu mlango wako usiofungwa. Ulisema kweli, na mimi nikakupiga. Nikakurudisha kwake."

Nilimpokea jogoo kwa sababu alikuwa anapapatika kumponyoka mama. Nilimwambia ukweli, kwamba msamaha sinao siku hiyo, na sijui utakuja lini.

"Sikuja kukudai," akasema. Akainuka kwa kushika meza, akapangusa magoti. "Mtoto atakaa kwako mpaka yule mtu aondoke. Na mimi nakwenda polisi, kwenye dawati la watoto. Nitawaambia alichoniambia mwanangu jikoni, na nilichofanya. Jumuiya wakitaka, wachague mwenyekiti mwingine. Kama hutaki kuja, nitakwenda peke yangu."

Nilivaa viatu. Nilikata kile kitenge kwa mkasi, nikamfungua jogoo na kumfunga chini ya meza kwa kamba ndefu. Mtoto akamwekea maji kwenye kifuniko cha ndoo. Tulipokuwa tunatoka akavuta gauni la mama.

"Bibi, na jogoo hatumbebi? Si ulisema mtu haendi mikono mitupu?"

"Huyo ni wa mama yako mdogo," mama akamjibu. "Hatumpelekei mtu mwingine."