Waya wa Shaba kwenye Karabine ya Baba

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu. Nilikuwa kijana wa kuchana nywele hata nikienda kutupa takataka, na siku hiyo nilitia bunduki ya baba kwenye gunia, nikapita mtaa wa Naviundu kwenda kwa mzee Papa Gaston. Usishtuke. Ilikuwa bunduki ya upepo, ile ambayo huku kwetu tunaiita karabine, ya kupigia njiwa na makopo.

Baba alikuwa mfanyakazi wa reli kule Sakania, na karabine alipewa na Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Haikuwa ya kutia risasi moja moja. Chini ya mtutu ilikuwa na bomba dogo lililojaa vidonge vya risasi. Ukivuta mkono wake wa chuma, springi inakazwa na kidonge kingine kinaingia mahali pake. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na tangu mazishi mama hakuwahi kulitaja jina lake. Ukimwuliza habari zake, alikwenda kuangalia chungu hata kama moto umezimika.

Papa Gaston alikuwa makanika mstaafu, na ugonjwa wake ulikuwa kukusanya bunduki za upepo za zamani. Alizipanga katika kabati la kioo, chini ya kila moja jina la mwenyewe wa kwanza. Ukimpa sikio, alikupeleka mbali: kwamba zamani sana jeshi moja la Ulaya lilibeba bunduki za namna hiyo, hewa imeshindiliwa ndani ya kitako, zikipiga mfululizo bila moshi; kwamba kuzijaza hewa kuliwachosha askari, nazo ziliharibika upesi, zikaachwa; kisha viwanda vikatengeneza ndogo za springi, za vijana. Mimi sikujali jeshi wala moshi. Nilitaka jina la baba liingie katika kabati lile, kati ya majina ya wakubwa. Nilimpenda baba, basi.

Kilichonitia aibu ni kitako. Kilikuwa kimevunjika shingoni, na baba alikizungushia waya wa shaba. Papa Gaston alikuwa na karabine nyingine ya aina ileile, mtutu umeliwa na kutu lakini kitako kizima, kinang'aa. Nikamwomba anibadilishie. Kipya kinyemi ingawa kidonda, na vijana ndio tunaokipenda zaidi. Nasema tunaokipenda kana kwamba bado nimo, unisamehe.

Mzee alipitisha kidole juu ya waya, polepole.

"Kitako nitakupa, mutoto, haiko shida. Lakini jina ya papa yako tutaandika chini ya kintu hakugusa?"

"Iko mubaya, Papa. Bantu batacheka."

"Bacheke. Ile waya, mama yako anaijua? Uende umuulize kwanza."

Nilirudi nyumbani nikinung'unika njia nzima. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini siku ile niliona ni kupoteza wakati tu.

Mama alikuwa uani akichambua mboga ya lengalenga. Nikamwekea karabine magotini, nikamweleza kwamba nataka kuutoa ule waya na kutia kitako kizuri. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akaishika bunduki shingoni, penye waya.

"Siku tulihama Sakania, sanduku iliangukia hii karabine mu train," akasema. "Donatien hakukula mpaka aifunge. Miye nilikamata, yeye anavuta waya, ananiambia, kamata, mama, usiachilie. Waya ikanikata kidole. Yeye akaanza kulia, miye nikaanza kucheka."

Donatien. Jina la baba lilitoka kinywani mwake kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Na likishatoka, mengine yakafuata: jinsi alivyoogopa mbwa, jinsi alivyocheza rumba vibaya bila kujua, jinsi alivyokuwa akimwita mama kila aliposhikwa na homa. Lengalenga ikanyauka kwenye sinia na hakuna aliyeijali. Nililia, mwanangu, na wala sioni haya kukuambia.

Jumapili Papa Gaston alikuja mwenyewe. Alifungua karabine, akabadilisha ngozi ya ndani ya kuzuia upepo, iliyokuwa imekauka, akatia mafuta, waya hakuugusa. Akamwomba mama ampe aiweke katika kabati vilevile ilivyo. Mama akacheka: "Kabati iko ku kwenu, Papa Gaston. Miye niko huku." Karabine ikabaki kwetu.

Basi sikiliza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Ukikuta katika nyumba ya wazazi kitu kilichofungwa, kilichoungwa, kilichoshonwa vibaya, usikitengeneze kabla ya kuuliza ni nani alikifunga na nani alimshikia. Uliza mapema, maana wanaojua majibu hawakai. Mama naye ametangulia. Yote ninayoyajua juu ya baba kama mume wa mtu niliyapata mchana ule mmoja. Ningebadilisha kitako, leo ningekuwa na ubao mzuri tu.

Mungu akupe mikono mizito ya kutupa na ulimi mwepesi wa kuuliza. Na aliyekushikia waya ukakaza, akae nawe siku nyingi.