Nilimsingizia Fundi Maneno ya Baba Yalipopotea

Nimekosa, jamani, na sina pa kukimbilia. Nilimkosea baba yangu mzazi, nikamkosea na mtu aliyemjali baba kuliko nilivyomjali mie, na wote wawili niliwakosea kwa sababu ya waya na kiburi changu. Jina langu msiliulize.

Tulikuwa tunakaa Mtoni, Temeke. Baba alikuwa karani wa bandarini, Mzaramo wa watu, na kwa maneno hakuwa na mpinzani. Akikaa barazani mtaa mzima unajua yupo. Halafu kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa, na ulimi ukafungika kabisa. Baba yule yule akawa anatoa "mmh" tu, na machozi.

Mie nilikuwa mpiga chapa kwenye shirika moja la umma. Shirika likauzwa, tukapunguzwa, na vitu vya ofisini vikaenda kwa bei ya kutupa. Nikaondoka na kompyuta kuukuu, ile ya kioo cheusi na maandishi ya kijani, inanguruma kama friji bovu. Sikujua hata niifanyie nini. Fundi ndiye aliyesema, "Si mumpe mzee? Mkono wa kushoto si anao?"

Huyu Fundi nimwite Kulwa, ingawa si jina lake; sisi nyumbani tulimwita Fundi tu. Alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, fundi redio hapo mtaani, na kompyuta alijifunza kwa kuzifungua na kuzifunga. Kwa baba alikuwa mtani, na utani wao haukuwa wa maigizo. Alimwekea baba mashine, akamfundisha kubonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja. Sentensi ya kwanza ya baba baada ya miezi mingi ya ububu ilikuwa kejeli ile ya zamani kwa Wanyamwezi waliobeba mizigo ya misafara: MPAGAZI UMECHELEWA.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. "Wazaramo nyie! Mungu kamnyang'anya mdomo na bado anatukana!"

Baba naye mabega yanamtikisika. Mie nilikuwa nalia jikoni kwa furaha.

Basi ikawa kila Ijumaa baada ya swala Fundi yuko kwetu. Yeye anasema, baba anaandika, wanatukanana mpaka chai inapoa. Wageni wengine walikuja mara moja, mbili, wakachoka kuongea na mtu asiyejibu. Fundi peke yake hakuchoka.

Kisha baba akaanza kuandika kitu chake. Miezi minane, asubuhi na jioni, siku za mgao wa umeme anakaa mbele ya kioo kilichozimika anasubiri urudi. Ukimsogelea anavuta kitambaa cha kufuma kilichokaa juu ya mashine, anafunika kioo. Siku moja nikamwuliza, baba ni nini hicho? Akaandika: NI YENU WOTE WANNE. MTASOMA IDI.

Alitaka tukikusanyika Idi, kila mtoto apewe karatasi zake mkononi. Kaka anatoka Tegeta, dada anatoka Ubungo, mdogo wetu anatoka Morogoro, na mie niliye naye nyumbani. Baba alikuwa na jambo la kutuambia, na hakuwa na njia nyingine ya kulisema.

Sasa ishu ikawa kuchapa. Wakati huo nilikuwa nimeshapata kompyuta ya kisasa kidogo, mtumba wa Dubai, ina rangi, ina kipanya, na printa yake. Nilikuwa nachapia watu barua pale pale sebuleni. Printa ile haikuelewana na mashine ya baba hata kwa dawa. Na disketi ndo kabisa! Mashine ya baba inameza zile kubwa laini, yangu inameza ndogo ngumu. Mashine mbili, chumba kimoja, haziwezi kupeana hata ukurasa. Njia iliyobaki ni kuziunganisha kwa waya.

Jumatano Fundi akaja. Akafungua mashine ya baba, akapuliza vumbi, akajaribu waya niliokuwa nao. Akatikisa kichwa. "Sista, huu umelegea, utakudanganya. Naenda msibani Kisarawe, Jumapili narudi na mwingine. Msiguse kitu."

Msiguse! Mie niambiwe msiguse? Mie niliyesoma kozi ya miezi mitatu mjini, cheti kimetundikwa ukutani, niambiwe na fundi redio! Mwenzenu nilinuna siku nzima.

Alhamisi mchana baba kalala. Nikawasha zote mbili, nikachomeka waya. Haziongei. Nikachomoa, nikahamishia tundu la pili. Haziongei. Nikapunguza kasi kama tulivyofundishwa, nikazima, nikawasha. Wapi! Saa nzima natoka jasho. Ndipo nikagundua kwamba nikiubana waya kwa mkono pale unapoingia, majina ya mafaili ya baba yanatokea kwenye mashine yangu. Nikapiga kigelegele peke yangu kama mwehu.

Ile programu ya kuziunganisha ilikuwa na kitufe cha kunakili, na jirani yake kitufe cha kuhamisha. Kunakili, faili linabaki kule na linakuja huku. Kuhamisha, likishakuja huku kule linafutwa. Nilijua tofauti, wallahi nilijua. Nikabonyeza kuhamisha, kwa sababu nilitaka kumaliza habari ya ile mashine kuukuu. Nilishaanza kuona meza yake itafaa kuwekea printa.

Mafaili yakaanza kwenda. Nimebana waya kwa mkono wa kushoto, nahesabu. Mara nasikia harufu, maharage yanaungua jikoni. Nikauachia waya, nikakimbia. Dakika mbili, hazizidi tatu.

Niliporudi kioo kinasema kazi imekwisha. Nikafungua la kwanza kwenye mashine yangu: tupu. La pili: tupu. Majina yote yamefika, ndani hamna herufi hata moja. Nikageukia mashine ya baba. Hakuna kitu. Ile programu ilidhani imefikisha mzigo, ikafuta kule ulikotoka.

Nikakaa kitini, mikono nimeikalia.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo lilipokuwa kosa lenyewe. Waya kulegea ni bahati mbaya. Kiburi kila mtu anacho. Lakini badala ya kuzima mashine nikatafuta mtu wa kunisaidia, mie nikawaza nitajificha wapi. Nikasema nikiijaza vitu vingine ataona imechanganyikiwa yenyewe kwa uzee. Nikachukua disketi zangu zote za ofisini, barua, michezo, takataka zote, nikazimwaga ndani ya mashine ya baba moja baada ya nyingine mpaka ikasema imejaa.

Ijumaa asubuhi baba akakaa kitini, akawasha. Akatafuta. Akatafuta tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha uji. Akageuka akanitazama, kisha kidole kikaanza kutembea, polepole kama siku ya kwanza: NANI KAGUSA.

Nikasema, "Fundi, baba. Si aliifungua juzi?"

Ilitoka yenyewe, wala sikuipanga. Na ilikubalika, kwa sababu baba alimwona Fundi kwa macho yake akiifungua. Halafu akaandika: ASIJE TENA. Akavuta kitambaa, akafunika kioo. Uji ule hakuunywa.

Jumapili Fundi akaja na waya mpya mfukoni, anaanza matusi yake tangu uani. Baba akageukia ukutani. Fundi akadhani ni utani, akaendelea. Baba hakugeuka. Nikamvuta pembeni, nikamwambia kwa sauti ya kusikika na baba, "Vitu vya mzee vimepotea tangu ulipoifungua."

Hakubisha. Aliomba kuitazama tu. Akakaa pale, akasoma tarehe na saa za vile vitu nilivyomwaga. Alhamisi, saa kumi alasiri. Alhamisi yeye alikuwa Kisarawe anazika. Akanifuata jikoni, akasema taratibu, "Sista, kitu kikifutwa hakiondoki siku hiyo. Kinakaa pale pale mpaka kingine kiandikwe juu yake. Baada ya kufutika, kuna kitu ulitia mle?"

Maana yake maneno ya baba yalikuwepo! Ile Alhamisi, wakati nakalia mikono yangu, bado yalikuwepo ndani mle. Niliyafukia mwenyewe kwa michezo ya karata.

"Sijui unasema nini," nikamjibu.

Akaniangalia, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Waya mpya aliuacha juu ya meza.

Idi ikafika. Wote wakaja, pilau likapikwa, watoto wakavaa. Baada ya kula kaka akasema, "Baba, si tuliambiwa una maneno yetu?" Baba akaunyanyua mkono wa kushoto, akaushusha magotini. Dada akaanza kumlaani Fundi, kaka akadakia, mdogo wangu akataka kumfuata kwake. Nikawazuia kwa upole, nikaonekana mtu mwenye busara. Loh!

Baba hakugusa tena mashine. Nilimbembeleza aandike upya, hata kidogo. Akafumba macho. Ijumaa zikawa ndefu mle ndani, hakuna wa kumtukana wala wa kutukanwa. Miezi mitano baadaye akafariki mchana, mie nikiwa namchapia mtu barua chumba kile kile.

Msibani Fundi alikuja. Kaka alitaka kumfukuza, wazee wakakataa, mtani hafukuzwi msibani. Nanyi mnajua mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote. Akavaa kofia ya baba, akakaa mbele ya watu, akanyoosha kidole kimoja akawa anabonyeza hewani, na uso kaukunja vile vile alivyokuwa akiukunja baba. Watu wakacheka huku wanalia. Mie nilikuwa nimeganda. Nikasema sasa ananitaja, na ana haki, na hakuna atakayemlaumu. Akanitazama katikati ya mchezo wake. Akaendelea kubonyeza hewa.

Baada ya arobaini nilimfuata kibandani kwake. Nilimkuta ameinamia redio. Nikamwuliza, "Ulijua. Kwa nini hukumwambia baba?"

Hakuinua kichwa. "Nimwambie nini? Kwamba anayemlisha, anayemwogesha, ndiye anayemdanganya? Angebaki na nani? Bora anichukie mie. Mie mtani tu, ningevumilia."

Nikamwomba msamaha. Akasema msamaha wake nimeshaupata zamani, ila wa baba ndo yeye hana uwezo wa kunipa. Kisha, "Nilimmisi yule mzee," akasema, akarudi kwenye redio yake. Hatujawahi kuongea tena.

Mnaotumia hizi kompyuta mtaniambia ningeweka nakala. Kweli, wekeni nakala. Ila mie sikuharibikiwa kwa kukosa nakala. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mie nimeyaona. Ukiharibu kitu cha mtu, ondoa mikono yako, kaseme saa ile ile, hata kama utatukanwa, hata kama utapigwa. Usijaze takataka juu yake. Utakachoweka juu ya kosa ndicho kitakachoua kilichokuwa bado kinaweza kupona.

Baba alitaka kutuambia nini, hatutajua. Nalala nikiwaza labda ilikuwa radhi, labda siri, labda utani mtupu. Ndugu zangu mpaka leo Fundi akipita wanatema mate. Nimekaa nao vikao vingi, nimefungua mdomo mara nyingi, nimeufunga. Nikasema basi niandike huku, walau nitue mzigo.

Na hata huku, mnaona wenyewe, nimeficha jina langu, nikabadilisha na la kwake. Kwa hiyo hakuna kati yenu atakayewapelekea ndugu zangu habari hii, na kwao mwenye kosa bado ni Fundi.